Waliulizwa Wakiwa Wapi?

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoiweka Uganda kileleni mwa dunia kwa unywaji wa pombe: lita 19.47 za kilevi halisi kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Ripoti ya 2018, iliyokuwa ikizungumzia mwaka 2016, ikatupa lita 9.5. Ukizichukua namba zote mbili kama zilivyo, basi ndani ya miaka kumi na kitu taifa zima lilipunguza pombe yake kwa nusu, kimya kimya, bila hata baa moja ya hapa Busia kufungwa. Mimi nakaa jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Jambo kubwa namna hiyo lingetupita vipi?

Naamini kilichobadilika zaidi ni hesabu. Lita hizo hazipatikani kwa kumuuliza mnywaji. Hukadiriwa kwa kuangalia uzalishaji, mauzo na kodi, kisha juu yake huongezwa makisio ya pombe ambayo haijawahi kuona risiti, na kwetu Uganda hiyo ni sehemu kubwa mno. Njia nyingine ni kumfuata mtu nyumbani kwake na kumuuliza. Uchunguzi wa kaya uitwao STEPS, wa mwaka 2014, ulifanya hivyo kwa watu wa miaka 18 hadi 69, na takriban robo tu ndio waliohesabiwa kuwa wanywaji wa sasa. Nchi ni ile ile: huku tunatajwa miongoni mwa vinara, huku robo tatu yetu hatugusi.

Namba hizo zinaweza kukaa pamoja, maana wanaokunywa kwetu hunywa hasa, hawaonji. Lakini baada ya miaka mingi ya kubeba madodoso, kwanza kama mdodosaji na sasa kama msimamizi wa timu, nina shaka ambayo haijaniacha, na huzidi zikitajwa takwimu za vijana. Mtu akiniambia kuna utafiti mpya kuhusu vijana wa Uganda na pombe au bangi, asilimia naiacha kwanza. Namuuliza waliulizwa wakiwa wapi, na nani alikuwa akisikiliza.

Tuanze na shule, kwa kuwa huko ndiko rahisi. Mwaka 2003 Uganda ilishiriki katika uchunguzi wa afya ya wanafunzi ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, uliolenga wenye miaka 13 hadi 15. Utaratibu wake ni mzuri: mwanafunzi anajaza mwenyewe, haandiki jina, mwalimu hachungulii. Ila anayejaza ni yule aliyefika darasani siku hiyo. Aliyeamka na kichwa kizito hayupo. Aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hayupo, na aliyeacha shule kwenda kuvusha mizigo mpakani kwa baiskeli hata hatarajiwi. Halafu ikaja korona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu popote duniani. Kuna wasichana waliorudi na watoto mgongoni, au hawakurudi, na kuna wavulana walioonja hela ya machimbo ya dhahabu ya huku kwetu wakaona hesabu za sehemu hazina maana tena. Anayelinganisha wanafunzi wa kabla na wa baada ya hapo analinganisha watoto wa aina mbili, hata kama madawati ni yale yale.

Wengine huingilia upande wa pili kabisa. Watafiti wakiongozwa na Monica Swahn, wakishirikiana na shirika la vijana la UYDEL, mwaka 2014 waliwahoji vijana 1,134 wa miaka 12 hadi 18 waliokuwa wakifika kwenye vituo vya shirika hilo katika mitaa ya mabanda ya Kampala. Kazi hiyo naiheshimu sana. Ilituonyesha vijana ambao uchunguzi wa shule hauwaoni na uchunguzi wa STEPS hauwaulizi, kwa kuwa wengi wao hawajatimiza miaka 18. Lakini kijana anayefika kituoni tayari ana sababu ya kufika. Wapo walio na shida kubwa kuliko wenzao wa mtaani, na wapo walio na nafuu kuliko wale ambao hawawezi hata kutembea hadi pale. Watafiti wenyewe huyasema haya. Anayeyasahau ni mwandishi wa habari, na baada yake mbunge, na baada yake mchungaji jukwaani.

Inabaki kaya. Huku tuna jedwali lililobuniwa na Leslie Kish mwaka 1949, linalomchagulia mdodosaji nani wa kuhojiwa katika nyumba yenye watu wengi, asije akamchukua tu aliyekaa karibu na mlango. Kwenye karatasi ni safi. Ukifika mtaa wa Sofia hapa Busia saa nne asubuhi, jedwali likakuchagulia kijana wa miaka 17, kijana huyo yuko stendi, au amelala kwa rafiki, au yupo ndani anakusikia na amemwambia mama aseme hayupo. Unarudi jioni. Unarudi kesho. Mdodosaji aliyechoka atamchukua mdogo wake aliye nyumbani siku zote, mtoto mpole anayefua soksi zake mwenyewe, na hapo takwimu ya taifa imekunywa maji. Kazi yangu kubwa kama msimamizi ni kupiga simu usiku kuuliza kama aliyehojiwa ndiye aliyechaguliwa.

Akipatikana, kuna masikio. Nyumba nyingi za mjini ni chumba kimoja, kile tunachokiita muzigo, na pazia katikati. Mama ameketi mkekani anachambua maharage, kaka yuko mlangoni na simu. Ukimuuliza kijana hapo kama ametumia njaga, yaani bangi, ndani ya siku 30 zilizopita, unamlazimisha achague kati ya kukudanganya wewe na kumvunjia heshima mama yake. Atakudanganya wewe, na atakuwa amefanya jambo la adabu. Ndiyo maana tunatembea wawili wawili. Mmoja huketi na mama na kumuuliza dodoso refu la vifaa vya nyumbani: vitanda vingapi, redio ipo, bati la paa ni la mwaka gani, maji mnachota wapi. Maswali mengine hatuyahitaji hata kidogo, lakini yana urefu wa kutosha. Mwingine anatoka na kijana hadi chini ya mwembe, mahali wanapoonekana ila hawasikiki. Wasiposikika wala kuonekana, jirani ataanza hadithi nyingine.

Mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, naye lazima umpitie, umwachie barua, utie sahihi kitabu chake. Wengi ni watu wema wanaotaka kukusindikiza nyumba kwa nyumba ili usipotee. Hapo ndipo inapohitajika lugha. Huwezi kumwambia mzee "usije", kwa hiyo tunamwomba atusaidie kukaa na bodaboda wetu asije akaondoka na mizigo. Kijana anayemwona mwenyekiti nyuma yako hakuoni wewe tena. Anaiona serikali, na siku ya msako serikali ndiyo hubisha hodi kwanza. Sheria zenyewe zimeyumba vya kutosha kumchanganya yeyote. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ilifutwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu idadi ya wabunge haikutimia ilipopitishwa, baada ya wakulima na wafanyabiashara wa mairungi, yaani miraa, kwenda mahakamani. Kisha Bunge likatunga nyingine. Jaribu kumweleza kijana anayetafuna majani yake kijiweni kwamba jibu lake la leo ni salama, wakati kitu hicho hicho kilikuwa kosa, halafu si kosa, halafu kosa tena.

Kiswahili nacho kina masikio yake. Hapa Busia ni lugha ya soko, ukiuliza kwa Kiswahili hakuna anayeshtuka. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II, kijana aliyetoka Kongo akisikia Kiswahili mabega yanashuka, hata kama changu na chake havifanani sana. Lakini nenda Katwe, Kampala, umwendee kijana wa Kiganda na daftari, uanze kumuuliza kuhusu bangi kwa Kiswahili sanifu. Kwa wazee wake Kiswahili kilikuwa sauti ya kambi na vizuizi vya barabarani, na yeye mwenyewe amekisikia zaidi kutoka kwa askari. Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, na mimi nilifurahi kama mzungumzaji. Kama msimamizi wa utafiti, Katwe namtuma mdodosaji wa Luganda.

Wataalamu wa mbinu hawajakaa bure. Mwaka 1998 Charles Turner na wenzake walionyesha kwamba wavulana wa Marekani walipovaa vipokea sauti na kujibu wenyewe kwenye kompyuta, walikiri mambo mengi kuliko walipojaza karatasi. Sisi sasa tunatumia tableti kwa mtindo huo huo. Kwa wasichana, hasa wa familia za Kiislamu za mtaa wa Kisenyi, Kampala, ambao hawawezi kutamka neno pombe mbele ya mtu, naona inasaidia kweli: anasikia swali masikioni, anagusa rangi, basi. Kwa wavulana wa mtaani mambo ni tofauti. Wa kwanza huuliza kamera iko wapi. Tunabandika plasta juu ya lenzi na kumwachia aibandike mwenyewe.

Kuna pia hila ya sarafu. Wazo lilitolewa na Stanley Warner mwaka 1965, na tunavyolitumia ni hivi: kijana anarusha sarafu ya shilingi 500 mahali nisipoiona. Ikilala upande wa korongo anajibu "ndiyo", hata kama hajawahi kugusa kitu. Ikilala upande wa pili anasema ukweli. Mimi siwezi kujua "ndiyo" yake ni ya ndege au ni yake. Lakini nikihoji vijana 100 na 60 wakasema ndiyo, najua kama 50 hivi walisemeshwa na sarafu. Wale 10 waliobaki wametoka katika nusu iliyosema ukweli, kwa hiyo makadirio ni asilimia 20. Ni ufundi mzuri sana, hadi unapokutana na vijana ambao maisha yao yote ni mikeka ya kubashiri mpira. Kikundi kimoja hapa mpakani kilianza kuwekeana dau kwenye korongo kabla sijamaliza maelezo.

Si wote wanaoficha, wengine huongeza. Mvulana wa miaka 15 mbele ya mdodosaji wa kike aliyependeza amekwisha kutumia kila kitu kilichoko duniani. Uchunguzi wa wanafunzi wa Ulaya uitwao ESPAD ulipachika kwenye orodha dawa isiyokuwepo, relevin, ili kuwanasa wa namna hiyo. Nasi tuna jina letu la kubuni, na sitaliandika hapa kwa sababu linaendelea kufanya kazi. Tatizo ni kwamba mjini jina lolote linaweza kupata bidhaa yake ndani ya wiki. Kabla ya kila awamu tunampeleka mtu vijiweni kuhakikisha hakuna aliyeanza kuuza kitu kwa jina lile. Upande wa pili, dodoso lililoandikwa mbali linauliza gundi na petroli, halimuulizi mtoto wa barabarani Kampala kuhusu mafuta ya ndege, yale anayoyaloweka kwenye kitambaa na kukibana puani. Atajibu hapana, hapana, hapana, na ni kweli tupu.

Je, tuiulize damu? Mbarara, kundi la watafiti lenye Judith Hahn wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, limetumia kipimo cha PEth, kinachoonyesha pombe ya wiki chache zilizopita kwa tone la damu, kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Walipatikana watu waliosema hawanywi na damu ikasema wanakunywa. Wasioelewa hali ya kliniki hucheka. Mimi sicheki: mtu huyo ameambiwa na muuguzi aache pombe, kisha anaulizwa ndani ya jengo lile lile. Damu ilitupa kipimo cha adabu yake. Ila kwa vijana wa mtaani sipendi kuanza na sindano. Gharama ni moja, uvumi wa damu inayouzwa ni mbili, na ukishauzua uvumi huo kijiji hicho usirudi mwaka huo.

Ridhaa ndiyo inayoninyima usingizi kuliko hayo yote. Kwa kawaida aliye chini ya miaka 18 huhitaji ruhusa ya mzazi. Mwongozo wa mwaka 2014 wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia unawaruhusu baadhi kuamua wenyewe: wanaojitegemea, walioolewa, wenye mtoto, na pia wenye miaka 14 hadi 17 walio na uraibu wa pombe au dawa. Busara yake ipo; ukimwendea mzazi kuomba ruhusa ya kumhoji mwanawe kuhusu bangi, umeshamsema. Lakini fikiria mdodosaji amesimama mbele ya kijana wa miaka 16. Ili ajue kama anaweza kumhoji bila mama, lazima ajue kama ni mraibu. Ili ajue kama ni mraibu, lazima amhoji. Tulikwenda nayo kamati ya maadili, wakakuna vichwa, tukakubaliana kuwa maswali machache ya kuchuja yaulizwe bila kuandikwa popote. Ni suluhisho la watu wazima waliochoka, na linafanya kazi.

Mpaka hapa nimezungumzia "ndiyo" na "hapana" tu. Ugumu halisi ni "kiasi gani".

Vipimo vya kimataifa vya unywaji, kama maswali kumi ya AUDIT, vinataka idadi ya vinywaji, na kinywaji kimoja kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni gramu 10 za kilevi. Sasa njoo jioni kwenye malwa. Chungu kiko katikati, ndani yake ulezi uliochachuka, mzito kama uji uliosahauliwa jikoni. Mama mwenye pombe anapita na birika, anamimina maji ya moto. Watu wamekaa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu, chujio dogo mwishoni, na hakuna anayeinuka kwa haraka. Maji yakipungua anamimina tena. Mizunguko ya kwanza ina nguvu. Kufikia ya mwisho mnavuta maji ya vuguvugu na soga. Kijana mmoja, tuliyempata kesho yake akiosha pikipiki, nilimuuliza kama dodoso linavyotaka: mara ya mwisho ulikunywa vinywaji vingapi?

"Vingapi vipi, musawo? Chungu kilikuwa kimoja."

Huniita musawo, yaani daktari, ingawa sijawahi kumdunga mtu sindano. Beji shingoni inatosha. Nikamuuliza mlikuwa wangapi. Akahesabu kwa vidole, akamtoa mjomba wake kwa sababu yeye "anashika tu mrija, hanywi". Alichanga shilingi ngapi? Elfu moja, lakini elfu moja ya pili alilipiwa. Alifika birika la ngapi? Hapo akanitazama kwa heshima mpya, akasema alifika mapema, la kwanza lilikuwa bado linatoa mvuke. Jibu hilo lilinifaa kuliko namba yoyote. Anayewahi birika la kwanza na kuondoka mapema anaweza kuwa amepata kilevi kingi kuliko anayekaa hadi usiku, na dodoso linalouliza saa tu litampindua.

Kuna swali jingine huvunjika kwenye vyungu hivi: ulikuwa na umri gani ulipokunywa kwa mara ya kwanza, mbali na kuonja kidogo? Karamoja, machicha ya pombe ya mtama ni chakula. Msimu wa njaa mtoto mdogo hupewa ashibe. Sasa huyo alianza kunywa na miaka mitatu, au hajaanza? Mdodosaji mmoja aliandika 3, mwingine aliandika 15 kwa kijana wa boma lile lile aliyelelewa vile vile. Wote wawili walifuata maelekezo.

Waragi, pombe kali yetu, ilikuwa rahisi zaidi kuipima enzi za pakiti. Pakiti ya mililita 100 yenye kilevi asilimia 40 ni gramu 31 na ushei, yaani vinywaji vitatu, na kijana alikuwa akikuambia "mbili" bila kusita. Kenya walizipiga marufuku 2004, Tanzania wakaviondoa viroba Machi 2017, nasi tukafuata 2019: hakuna pombe kali kwenye chombo cha chini ya mililita 200. Kwa afya ya watoto nadhani ilikuwa hatua njema, pakiti zilikuwa zinaingia hadi kwenye soksi za sare ya shule. Kwa dodoso letu ilikuwa balaa. Chupa ya mililita 200 ni vinywaji sita, na hakuna kijana anayeinunua peke yake. Wanachanga watatu au wanne, inapita mkono kwa mkono nyuma ya kibanda. Au mwenye duka anaifungua na kuuza kwa kifuniko. Au wanarudi kwenye ile ya kienyeji inayotoka kwenye jerikeni na kupimwa kwa kikombe tunachokiita tumpeco, pombe ambayo nguvu yake hata aliyeipika hubahatisha. Ukilinganisha "vinywaji" vya kabla ya 2019 na vya baada yake bila kusema haya, sijui unalinganisha nini.

Kwa hiyo dodoso letu jipya lina kadi za picha badala ya neno kinywaji. Kuna tumpeco iliyojaa hadi mistari mitatu tofauti, kifuniko kikiwa kwenye kiganja ili ukubwa uonekane, chungu cha malwa na mabirika yamepangwa kwa mfuatano, na chupa ya mililita 200. Kijana anaonyesha kwa kidole, mdodosaji anaandika namba ya kadi, hesabu ya gramu tunaifanya ofisini. Tuliijaribu Malaba na hapa kwetu, na hata wazee waliokuwa wakipita walisimama kubishana ni birika la ngapi lililo tamu. Kamati imepitisha kadi zote isipokuwa ile ya chupa: wanasema nembo inaonekana, na tusije tukamtangazia mtengenezaji pombe mbele ya watoto. Mpiga picha anairudia wiki ijayo, chupa ikiwa imegeuzwa nyuma. Tatizo ni kwamba nyuma kuna onyo la kutouza kwa walio chini ya miaka 18, nasi tunakwenda kuwaonyesha wenye 15, kwa hiyo barua nyingine kwa kamati iko njiani.